Nyumba Yangu Bila Paa

Temeke, Jumatano jioni

Sasa mwanangu Felista anataka nimchoree nyumba. Darasa analofundisha kule Usumbura, Urundi, linajifunza ramani, kwa hicho Kifaransa chao, na kila mtoto amechora kwao. Wanamuuliza mama wa mwalimu anakaa wapi. Ameniandikia, "Mama, chora kama kunguru anavyoiona akiwa juu."

Nikachora makuti matupu. Jirani yangu Mama Saidi alicheka hadi akashika ukuta.

"We Mama Felista, hiyo nyumba au mkeka? Toa paa, watoto waone vyumba!"

Nikatoa paa. Hapo ndipo nilipokwama, maana chumba cha Felista nimempa mpangaji, mtu wa bandarini, tangu Pasaka. Sikumwandikia. Wala sikuwa na shida sana ya pesa. Nilitaka tu usiku nisikie mtu anakohoa upande wa pili.

Likizo mbili zimepita Felista hajaja. Akijua, atadhani nimechoka kumngoja, na mie naogopa asije akapata sababu ya kutokuja kabisa.

Nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Mwishowe nimeandika kweli: chumba cha mpangaji. Halafu chumbani kwangu nikachora vitanda viwili, kimoja nikakiandika Felista.

Kitanda kipo kimoja tu. Kesho asubuhi nitapitia kwa seremala kwanza, ndipo niende posta, nisije nikawadanganya watoto wa watu.