Ubeti wa Pili ni wa Jaki

Toronto, 12 Machi 2011

Kwa wifi yangu mpenzi Jaki,

Habari za Tanga? Goti lako linaendeleaje, na wale kuku wako? Sisi hapa Crescent Town tu wazima, ila baridi bado haijatuonea huruma.

Najua umenikasirikia. Kaka yako Leonce alipofariki mwaka juzi ulitaka aletwe nyumbani, nami nikamzika huku. Mwenyewe aliomba, Jaki. Alitaka alale karibu na mtoto wetu anakoishi. Nimelisema mara moja na sitalirudia, maana leo nina habari njema. Asumpta wetu anaolewa! Tarehe moja Oktoba. Mchumba ni Eustache, kijana wa Kikongo, mpole, anakula ugali wangu mpaka anakwangua sufuria.

Leonce alimwahidi Asumpta kwamba siku ya harusi atamwimbia ule wimbo wa filamu ya Kihindi alioniimbia mimi siku yetu, ule wa mshairi mliyempenda wewe na yeye. Sasa nitauimba mimi. Tatizo ni kwamba najua ubeti wa kwanza tu. Wa pili alikuwa akiupiga mluzi, miaka thelathini na tano, huku akinyoosha mashati ya Jumapili. Nikimuuliza, "Baba Asumpta, maneno yako wapi?" ananijibu, "Hayo ni ya Jaki. Siyagusi."

Tafadhali niandikie ubeti wako.

Wifi yako,
Dorotea

Toronto, 3 Julai 2011

Wifi Jaki,

Salamu nyingi, na pole kwa mvua za masika, nimesikia mwaka huu zilikuwa kali. Huku ni joto. Asumpta kashona gauni, kalipunguza, kaliongeza tena.

Sijapata neno kutoka kwako. Labda barua ilipotea. Labda haikupotea. Hata hivyo nakuandikia tena, maana kuna kisa lazima ukisikie.

Juzi nilikuwa chini ya jengo letu, kwenye chumba cha mashine za kufulia, nakunja mashuka na kuimba ubeti wangu mmoja. Mama mmoja wa Kihindi akasimama na kikapu chake.

"We mama, wimbo huo umeutoa wapi?"

Kiswahili cha kwetu kabisa! Anaitwa Shahida, kazaliwa Pangani. Nikamwambia mimi ni Mama Asumpta, na huo ni wimbo wa mapenzi, mume wangu aliniimbia siku ya harusi. Akaniuliza kama alijua Kihindi. Nikasema hapana, alikuwa fundi wa karakana ya reli, alijua sinema tu. Shahida akacheka mpaka akakalia nguo zake.

"Mama Asumpta! Mumeo alikuimbia matanga ukiwa na shela!"

Kumbe ni wimbo wa mtu aliyefiwa na mkewe. Anarudi kutoka mazikoni, anakuta taa ya jikoni inawaka kama mkewe alivyoiacha, anashindwa kuizima. Na Leonce aliniimbia hayo mbele ya padre, huku wajomba zangu wakipiga makofi! Nilicheka, Jaki, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Tangu aondoke sijazima ile taa ndogo ya juu ya jiko. Sikuwa na sababu, nilidhani ni usahaulifu.

Sasa Shahida ananipigia hodi kila Jumatano. Anasema marehemu baba yake, mzee Kassamali, nyimbo za mshairi huyo zikisikika redioni aliweka kijiko chini mpaka wimbo uishe, hata mchuzi ukipoa. Na binti yake Sabreen, aliyezaliwa hapa, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, anamsikiliza huyo huyo akienda kazini. Nilimuuliza Shahida, mshairi huyo anapendewa nini na watu wa umri wote huo? Akasema, "Hana maneno makubwa. Akisema taa, ni taa. Kila mtu anayo jikoni kwake."

Lakini ananikataza nisiimbe harusini. Anasema nitamtia mwanangu mkosi. Ubeti wa pili haujui, maana santuri waliyokuwa nayo ilikuwa na wa kwanza tu, na filamu yenyewe hakuiona. Kwa hiyo hatujui wimbo unaishaje. Unajua wewe peke yako.

Wifi yako,
Dorotea

Tanga, 20 Agosti 2011

Kwako wifi Dorotea,

Mimi sijambo. Goti ni lile lile. Kuku wameliwa na kicheche.

Barua zako nilizipata zote. Ya kwanza niliiweka chini ya Biblia ili nisiione. Ya pili niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye matanga na shela nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni. Wifi, nisamehe, wimbo ule nilimchagulia mimi! Aliniuliza, "Jaki, upi ni mtamu kuliko yote?" nami nikamwambia huo.

Filamu ile tuliiona mara nne kwa wiki moja. Jina la mshairi likitokea kwenye pazia tulikuwa tunashangilia kama ni mjomba wetu. Wimbo ulikwenda mbio, hatukuweza kuushika wote, tukagawana: Leonce wa kwanza, mimi wa pili. Tukaapa kwamba hakuna wa kuimba wa mwenzake, ili tukitaka wimbo mzima lazima tukutane.

Nilichukia kwamba siwezi kupalilia kaburi lake. Sasa unaniambia alipiga mluzi miaka thelathini na tano ili asiniibie. Mtu wa namna hiyo nitamkasirikia vipi, na wewe uliyemtunza?

Ubeti huu hapa kwenye karatasi ya pili, nimeuandika kama sikio lilivyosikia. Maana yake siijui. Ukiwa mbaya, uchome.

Wifi yako,
Jaki

Toronto, 9 Oktoba 2011

Jaki wangu,

Goti? Pole na kuku.

Sikuuchoma. Shahida alisoma karatasi yako jikoni kwangu, midomo ikichezacheza, kisha akanikumbatia. Kumbe anayejibu kwenye ubeti wako ni marehemu mke! Anamwambia mumewe: usikae na taa hiyo peke yako, fungua mlango, waite watu, wapikie, nami nitavisikia vicheko.

"Imba," Shahida akasema. "Imba, tena kwa sauti."

Siku ya harusi nikaimba wa kwanza. Shahida akaupokea wako, Sabreen kamshikia karatasi, na alipofika mwisho akawaeleza watu maana yake. Kina mama wa Kikongo hawakungoja zaidi, walivamia uwanja, Eustache katikati, na bibi harusi kavua viatu. Asumpta akaniuliza, kwa Kiswahili safari hii, si Kiingereza chake cha kila siku, "Mama, shangazi mwenye ubeti wa pili atakuja lini?" Nami nakuuliza hivyo hivyo.

Jana nilikwenda kwa Leonce. Nilipalilia upande mmoja, wako nimekuachia. Kisha nikamwimbia wimbo wote. Nilimwambia usijali, Jaki ameruhusu.

Taa ya juu ya jiko nimeizima, wageni wamejaa na taa kubwa zinawaka. Ukiuimba huko Tanga, uimbe mzima; ubeti wa kwanza nimekuandikia nyuma ya barua hii, na ukiufika unikumbuke.

Wifi yako,
Dorotea