Mashine Nilizozitoa Shimoni

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Leo nimekuwa fundi wa ordinateri, hizo wengine wanaita kompyuta. Asubuhi nilikuwa bado fundi wa radio na pasi.

Ilivyokuwa: Méthode, zamu anayelinda geti la ule mradi wa Wazungu kule Rohero, alinipitia kibandani. Wazungu wanafunga, wanarudi kwao, vita yetu imewachosha. Na wamechimba shimo bustanini. Si la mutu, alhamdulillahi. La mashine! Ordinateri zote za zamani zinafukiwa, eti hairuhusiwi kumpa mutu kitu kibovu. Mi nikamwambia Méthode, kabla ya kuzika kuna kuosha maiti. Nipeleke.

Nilizikuta zimelala moja juu ya nyingine, nyaya nje kama utumbo. Bosi wao alikuwa anafunga masanduku. Nikamweleza kwa Kifaransa changu cha Dubai kwamba mi ni injenia. (Dubai nilifika kweli. Karibu muda wote nilikuwa uwanja wa ndege, lakini uwanja wenyewe uko Dubai.) Akaniangalia viatu, akacheka, akasema nichukue zote kabla ya saa sita, shimo lisibaki wazi.

Mkokoteni, safari mbili. Mtaa wetu wote wa Buyenzi umetoka nje! Mzee Atumani wa kahawa akauliza hizo televizio zinashika nchi gani. Nikamjibu Amerika, lakini jioni tu.

Khadidja alifungua mlango wa ua, akaona, akafunga.

Jumanne, 6 Oktoba

Khadidja amefungua. Kwa masharti. Hakuna kuingiza kitu chumbani, na hakuna kusogelea ndagala zake. Huyu mke wangu anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, anaanika hapa uani juu ya vitanda vya matete. Akasema aliolewa na fundi, hakuolewa na jalala. Nimenyamaza. Mwanaume mwenye akili anajua saa ya kunyamaza — na mi ninazo nyingi.

Sasa habari yenyewe. Irène alitoka chumba cha nyuma. Ni mkimbizi, yuko kwetu tangu mwezi wa nane, risasi zilipoanza Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alikuja na mkoba mmoja na kiatu ambacho si ndugu ya kingine. Kule alikuwa mwalimu wa daktilo, anafundisha wasichana kupiga mashine ya kuandikia. Mutu wa maneno machache sana. Khadidja anampenda kwa sababu hiyo, anasema nyumba ilikuwa inahitaji mmoja.

Basi akachuchumaa mbele ya mashine iliyokufa, akaweka vidole juu ya klavie, ule ubao wa vitufe, akaanza. Ta-ta-ta-ta! Anaangalia ukuta, haangalii mikono hata kidogo! Kioo cheusi, hakuna kitu, na yeye anapiga. Nikamuuliza anaandika nini. Barua ya kuomba kazi, akasema.

Ikatoka yote. Bwana Hyacinthe, wa kampuni ya mizigo kule bandarini, anatafuta sekreteri. Mtihani ni Alhamisi ya wiki ijayo, juu ya ordinateri. Irène hajawahi kugusa ordinateri inayowaka. Akikosa hii kazi, Jumamosi anapanda gari la Gatumba, anarudi Uvira.

"Uvira kuna nini sasa, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Kuna nyumba yangu. Hapa ninakula sahani ya watoto wenu, Baba Yasmina. Imetosha."

Nikamwambia Jumapili atakuwa na ordinateri inayowaka. Nikaapa. Khadidja akageuka kuniangalia, ndagala mkononi.

Sijawahi kuwasha hata moja.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimezipasua zote. Ndani: vumbi, udongo wa shimoni, mende waliooana wakazaa. Lakini mi nikawa naangalia tu, kama daktari. Na nimeelewa! Zote ni za mama mmoja. Kila moja ina sanduku la umeme, ina diski, ina vijiti vya kijani wanaviita memwari. Yenye vijiti vingi inakumbuka mambo mengi, inafanya kazi haraka. Yenye vichache ni kama mjomba wangu Uthmani, unamsalimia asubuhi anakujibu mchana.

Basi dawa ni ile ile ya Toyota. Unachukua maiti tatu, unatengeneza mzima mmoja. Nani atanifundisha mimi hiyo? Miaka miwili sasa ya embargo, majirani wametufungia biashara, hakuna spea inayoingia mchana. Mji huu wote unatembea na viungo vya marehemu. Minibasi ya Kanyosha ina injini ya pikapu, milango ya ambulansi na honi ya lori.

Nimeng'oa vijiti kwa dhaifu nikampa mwenye nguvu. Diski kubwa kuliko zote, kwake. Masanduku ya umeme nimejaribu manne, la nne halikutoa moshi. Mfalme wangu amekamilika. Kasoro uchafu tu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi kwa sababu ya aibu — apana, nitaandika yote, nani atasoma.

Baada ya sala ya Ijumaa nikaziosha. Zile kadi za ndani zenye njia za dhahabu. Omo, brashi ya meno, maji safi, kama karbureta. Zikang'aa! Lakini zikauke wapi? Chini kuna kuku. Na Khadidja yuko sokoni. Na vitanda vya matete vimekaa juani, vizuri, hewa inapita chini na juu... Nikasogeza ndagala upande mmoja. Kidogo tu. Nikajilaza kivulini kulinda.

Mvua ya kwanza ya mwaka! Leo! Nilizinduka Khadidja anakimbia toka barabarani na turubai, anakusanya kila kilicho juu ya matete kwa mkono mmoja, kama anavyofanya kila mwaka, bila kuangalia. Ndagala, kadi, vijiti vya memwari, vyote ndani ya turubai moja, vikakorogwa vizuri.

Tumekaa watu watatu barazani tunachambua. Irène alitumia pini ya nywele kutoa vichwa vya samaki ndani ya matundu ya vijiti. Anafanya polepole, kama mutu anayetoa mwiba kwa mtoto. Khadidja akasema mteja wake mmoja akitafuna chuma, ataniuza mimi kwa kilo. Irène akacheka. Mara ya kwanza namsikia akicheka humu ndani. Khadidja naye akamwangalia, akajifanya ana vumbi jichoni.

Paka wa avenyu nzima wamehudhuria.

Jumapili, 11 Oktoba

IMEWAKA!

Ilipiga kelele kidogo, ikahesabu hesabu zake, ikafungua uso wa bluu. Nimeruka. Nimegonga kichwa kwenye bati. Mzee Atumani amekuja na kikombe chake, akauliza Amerika iko wapi.

Kasoro mbili. Ya kwanza, ikipata joto inatoa harufu ya ndagala. Si harufu mbaya! Harufu ya chakula. Saa nzima ikiwaka, mutu anaanza kutafuta ugali. Ya pili, betri yake ya saa imekufa, kwa hiyo kila ukiiwasha inaamini ni tarehe moja Januari 1980. Nilitaka kurekebisha. Khadidja akaniambia niiache huko huko, hakuna vita.

Irène alikaa. Akanawa mikono kwanza, kama anaenda kula. Akaandika mstari. Akaufuta. Akauandika tena na kuufuta, anaangalia maneno yanavyoondoka bila alama. Kwenye mashine yake ya Uvira, kosa lilikuwa linabaki milele, akasema. Halafu akaendelea kupiga mpaka jioni.

Jumatatu, 12 Oktoba

Anapiga. Umeme unakata, barua inapotea, anaanza upya bila kulalamika. Nimelalamika mimi, kwa niaba yake, mpaka Regideso, wenye umeme wao, huenda wamesikia.

Nimesikia kwenye kahawa kwamba jana usiku walipiga risasi milimani. Nilikuwa nimelala.

Jumanne, 13 Oktoba

Kazi ya usafi leo. Klavie ilikuwa na mafuta ya Wazungu na mchanga wa shimoni, ukibonyeza inalia kre-kre. Nikang'oa vitufe vyote, nikavitia ndani ya chujio la ndagala, nikavisugua. Vinang'aa kama meno ya bwana harusi.

Kuvirudisha sasa. Nani alikumbuka vilikaaje? Mimi sikukumbuka. Lakini alfabeti naijua, shule niliacha nikiwa naijua bado. A, B, C, D, mstari kwa mstari, vizuri mpaka Z. Vingine vilikataa kuingia, nikavigonga na kisigino cha mkono. Kwa kweli Wazungu walikuwa wamevichanganya hovyo. Sasa hata mtoto atapata herufi yake bila kuuliza.

Irène alipoona alifunika mdomo kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama nimeharibu. Akasema kwake ni sawa, vidole vyake vinajua njia, alama za juu haziangalii. Na kweli, alipiga ukurasa mzima, hakukosea. Mi nikamwambia: unaona? Nimeboresha.

Jumatano, 14 Oktoba

Habari mbaya. Bwana Hyacinthe ametuma mutu. Jana umeme ulirudi kwa hasira, ordinateri yake imeungua. Mtihani umeahirishwa mpaka mashine mpya ifike kutoka nje. Kutoka nje! Na embargo hii! Ni kusema Kiyama.

Irène alisikiliza, akashukuru, akaingia kufunga mkoba. Khadidja alimfuata, akatoka na vitenge vyote vya Irène, akavitumbukiza kwenye beseni la maji. Eti vilikuwa vichafu. Vilikuwa safi, nilimwona akivifua jana. Kwa mvua hii havitakauka mpaka Jumapili, na gari ni Jumamosi. Huyu ndiye mwanamke niliyeoa.

Mi nikavaa koti la Dubai, nikaenda bandarini. Nikamwambia Hyacinthe kwamba mimi ndiye injenia wa Buyenzi, mashine ninayo, kesho asubuhi iko mezani pake, mtihani uendelee. Ni mutu mnene, mpole, anavaa tai hata kwenye joto. Akauliza kama inafanya kazi kweli. Nikamjibu, "Patron, hii ilizikwa ikafufuka. Ya kwako imekufa kwa umeme tu."

Akakubali. Nikatoka haraka kabla ya maswali.

Alhamisi, 15 Oktoba

Naandika kwenye korido ya ofisi ya mizigo, daftari juu ya magoti. Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Tulifika mapema, mashine juu ya tagisi velo, baiskeli ya kubeba abiria, imefungwa kwenye godoro la Yasmina. Irène pembeni ameishika kama mgonjwa. Amevaa gauni la Khadidja, limemzidi mabega, wameshikiza na pini. Nikaunganisha nyaya, ikawaka. Mpaka hapo, bingwa.

Kumbe hayuko peke yake! Kuna mwingine, Jovithe, binti kutoka mtaa wa Mutanga Nord, mdogo, ana diploma ndani ya plastiki, na ametangulia kwenye orodha. Akaingia yeye kwanza. Mlango uko wazi kwa ajili ya joto, tunaona kila kitu.

Ya Rabi. Sikuwa nimefikiria hilo.

Huyu binti anaangalia vidole. Anabonyeza M, kioo kinamuonyesha kitu kingine. Anafuta. Anatafuta tena. Hyacinthe anasoma barua kwa sauti, yeye yuko bado kwenye "Monsieur". Akajaribu kwa haraka, ikatoka takataka. Hyacinthe akaacha kusoma, akamuuliza, kwa upole lakini alimuuliza, kama ile diploma ni yake au ya dada yake. Machozi yakaanza.

Mi nikaona: kazi imekwisha, kazi ni yetu! Sikupanga, wallahi, lakini imekuja yenyewe, na kitu kilichokuja chenyewe si dhambi kukipokea. Nikamgusa Irène kiwiko. Nikamnong'oneza akae kimya, kwa jina la Khadidja na beseni lake.

Akasimama.

"Patron, samahani," akasema mlangoni. "Vitufe haviko mahali pake. Mutoto hana kosa. Vipangwe kwanza, halafu aanze upya."

Hyacinthe akatazama klavie vizuri, nafikiri kwa mara ya kwanza. Akauliza nani aliyepanga hivi. Irène hakunigeukia. Mi ndiye niliinua mkono, kidogo, kama shuleni. Akaniambia nivirudishe. Sasa, mi injenia, mbele ya watu, ningejibu nini? Nikamwambia sijui vinavyokaa.

Basi wamevirudisha wao wawili. Irène amefumba macho, mikono hewani juu ya meza, anapiga polepole herufi ambazo hazipo, na kila kidole kikishuka anataja: A hapa, Z, E, R. Jovithe anavuta makamasi, anachomoa, anapachika. Mi kazi yangu ilikuwa kushika vilivyobaki kwenye kofia. Afadhali wangenitukana.

Sasa Jovithe anapiga. Anapiga vizuri! Haraka! Diploma ni yake kabisa. Nimemwangalia Irène, nilidhani atakaa, ameishiwa. Hakukaa. Amesimama nyuma ya yule binti, na sasa hivi ameweka kiganja kati ya mabega yake.

"Nyoosha mugongo," anamwambia. "Usiangalie vidole. Angalia mbele."

Na binti anatii. Ameinua kichwa. Ta-ta-ta-ta.

Hyacinthe ameacha kusoma. Amefika mwisho wa barua zamani, Jovithe naye amemaliza, na hakuna aliyesema basi. Kwenye meza karatasi ya alama za Irène iko bado nyeupe, hajaketi hata mara moja kwenye kile kiti. Na yule bwana hatazami kioo, wala hamtazami Jovithe. Anatazama kile kiganja mgongoni mwa binti.

Amevuta kiti cha pili, amekiweka kando ya kile cha Jovithe. Anasema kitu, polepole, Kifaransa cha ndani kabisa, sishiki yote. Nimeshika "Madame". Nimeshika "les deux", wote wawili, na neno la kazi. Irène anatingisha kichwa, sijui ni apana au ni kwamba hajasikia vizuri — anamuomba arudie.