Rangi Niliyopaka Chini ya Bolti

Shemeji Lado,

Gari lako limewaka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuuliza kama watu wako ni wazima. Limewaka, lakini kuna kosa langu ndani yake, na hakuna mwingine wa kumwambia. Kiswahili changu ni kile kile cha gereji ya Kampala tulikojifunza kazi wote wawili, na shule yangu unajua iliishia wapi. Usinicheke.

Tulikuzika Rejaf, nje kidogo ya Juba. Watu walikuja kama elfu tatu. Ungekuwapo ungesema, "Kata nusu, shemeji." Siku hizi hakuna anayenikatia nusu. Nikisema niliwahi kuwasha basi kwa betri za tochi, vijana wa gereji hapa Gumbo wanaitikia tu, "Ndiyo, mjomba," wanarudi kwenye simu zao. Hadithi isiyobishiwa inakauka mdomoni, Lado.

Kabla ya karama, ile sala ya kumaliza matanga, niliamua kukupa heshima. Lile gari lako la mbio la kizamani, viti viwili, boneti ndefu kama pua ya mamba, ulilolinunua bovu kwa kawaja mmoja, mzungu aliyekuwa anahama, lilikuwa limepauka. Nikafungua kila kitu chini ya boneti, nikapiga rangi nyekundu mpaka kwenye kona ambazo hakuna mtu ataziona. Liling'aa hata ndege walikwepa. Siku yenyewe, sala ikiisha, nikaingia ndani mbele ya watu wote. Nilitaka waisikie ile sauti uliyokuwa unaipenda.

Tik. Basi. Nikarudia. Tik.

Macho yote kwangu. Unajua mimi sijawahi kushindwa na gari mbele ya watu, tuache ile siku ya Nimule. Mdomo ukatangulia: "Limegoma! Linamlilia mwenyewe. Lado hajaliachia!" Watu wakasema eee. Wengine wakalia. Mimi mwenyewe karibu nilie, ilivyokuwa nzuri.

Na dada yangu akaiamini. Poni, mke wako, ambaye tangu utotoni hajaamini neno langu hata moja, hii aliiamini. Kila alasiri, akimaliza kufagia uwanja wenu pale New Site, alikaa kwenye kiti cha abiria akakupa habari za siku. Keji, binti yenu, na mimba yake kubwa, alishamtayarishia chumba kwake Arua, kule Uganda, karibu na kliniki inayompimia presha. Mama yake akakataa. "Nimwache baba yako hapa na nani?" Keji akanipigia: "Mjomba, ulimwambia nini mama?" Nikasema mtandao unakatika.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Betri nzima. Taa kali, hazififii hata ukizungusha ufunguo. Stata niliishusha mara tatu, nikaijaribu mezani, inazunguka kama feni. Jumanne moja nikamwomba Poni, maadamu yumo ndani, ahamie kiti cha dereva anizungushie ufunguo. Nikiwa nimeinama kwenye injini, mkono ukagusa kebo ya choki. Moto! Wewe ungejua papo hapo. Umeme wa stata umekosa njia yake ya kurudi kwenye betri, sasa unajipenyeza kwenye kikebo kile chembamba. Nikaufuata waya wa athi, ule mpana uliosukwa, unaofunga injini kwenye bodi. Nikafungua bolti yake. Chini, rangi nyekundu. Nzito, laini, kazi safi kabisa ya mikono yangu. Na umeme haupiti kwenye rangi.

Poni akaita, "Vipi?"

Nikarudisha bolti juu ya ile rangi, nikasema, "Bado anakataa."

Nisamehe. Niliona mara moja kwamba gari likiwaka, dada ataondoka. Na akiondoka, nani amebaki Juba hii ananijua toka nikiwa mdogo? Wiki mbili nzima nilikuja kila alasiri, nikafungua boneti, nikapekua waya zisizo na kosa lolote. Nikanywa chai yake. Tukakaa.

Kisha Keji akajifungua. Mvulana. Wamempa jina lako. Nikiwa chini ya gari nikamsikia Poni akikuambia, sauti ya chini, "Baba Keji, nitamwona akishakua. Watamleta." Nikalala pale chini, grisi inanidondokea shingoni, nisiweze kutoka.

Kesho yake nilikuja na msasa. Nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza. "Zungusha." Likawaka mara moja, mlio ule ule, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Poni akafunika mdomo. Akaniuliza, "Ameniachia?"

Lado, hadithi ilikuwa tayari. Ilikuwa na mwisho mzuri kuliko zote nilizowahi kutunga, na kilichobaki ni kusema ndiyo. Nikasema, "Ilikuwa rangi, dada. Rangi yangu. Nimejua wiki mbili sasa."

Akazima gari. Akaingia ndani kufunga mizigo.

Nilimvusha mto mwenyewe na gari lako, hadi Gumbo yanapopakia magari ya Nimule, mpakani mwa Uganda. Aliposhuka akasema, "Miaka yote nilikuwa nacheka uongo wako. Huu umeninyima kumpokea mjukuu wangu." Hakuniaga.

Simu zangu hapokei. Keji anasema mama ni mzima, anabeba mtoto kutwa. Kwenye gereji wananiita, "Mjomba, tupe ile ya gari lililolia!" Nawaambia ilikuwa rangi chini ya bolti. Wanasema huo mwisho mbaya, rudisha ule wa kwanza. Nanyamaza. Mimi, nanyamaza! Alasiri zimekuwa ndefu sana, shemeji. Nakwenda New Site, nafagia uwanja usio na mtu, narudi.

Pumzika sasa, Lado. Nisikuchoshe. Ila shika ahadi hii: mvua zikipungua nitakwenda Arua, nisimame mlangoni kwa Keji nimwombe dada yangu msamaha. Asipofungua siku hiyo, nitarudi kesho yake, na kesho yake tena. Na sitamwambia mtu yeyote kwamba alifungua, kabla hajafungua.

Ni mimi shemeji yako,
Wani