Duka Letu Linaondoka Kivukoni

Jumatatu, 4 Februari 1884

Baridi. Upepo wa kaskazini. Nimechemsha maharage na kipande cha nguruwe.

Basi tunahama. Orrin kaketi mezani, uji bado mdomoni, anasema mafundi wanafika Jumatano. Duka litanyanyuliwa kwa jeki, litawekwa juu ya magogo mawili marefu ya mwaloni, na ng'ombe jozi kumi na mbili wataliburuza juu ya theluji mpaka Garland, kwenye reli. Duka zima. Na rafu zake, na jiko lake, na vyumba vya nyuma tunamolala. Nikamwuliza, na mimi? Akasema na wewe Mama, wewe ni mali ya dukani. Huo utani kaachiwa na baba yake.

Simlaumu. Reli imetupita maili nne. Mhunzi kahama, kanisa limehama, hata yule mlevi wa kiwanda cha kupasulia mbao kahama. Hapa Kivukoni tumebaki sisi na kunguru. Shamba nalo Orrin kamwuzia Knut Tollefsrud, jirani yetu Mnorwe, naye atalima mwezi wa nne.

Lakini kuna jambo. Naliandika humu kwa kuwa daftari halina mdomo.

Chini ya sakafu, hatua tatu toka jiko, penye pipa la siki, amelala binti yangu. Tirza. Aliishi siku kumi na moja. Ilikuwa Desemba, mwaka wetu wa kwanza Iowa, miaka thelathini sasa. Nje ardhi ilikuwa chuma. Asahel, mume wangu, alivunja mpini wa sururu. Na mbwa mwitu walikuwa wakifukua kila kilichozikwa. Akang'oa mbao karibu na jiko, udongo pale ulikuwa laini kwa joto. Tukamlaza hapo. Tukasema theluji ikiyeyuka tutamhamisha. Ikayeyuka. Asahel akasema mwache, hapo ana joto. Tukamwacha.

Mwaka uliofuata akaja Orrin. Akajifunza kutambaa papo hapo. Utamwambiaje mtoto kuwa anatambaa juu ya dada yake? Unasema kesho. Kesho inakuwa na ndevu. Asahel hakumwandika hata kwenye Biblia ya nyumba — alisema mkono umekataa. Kwa hiyo humo Orrin ndiye wa kwanza na wa mwisho, na yeye anajua hivyo. Asahel kafa, ni miaka sita sasa. Anayejua nimebaki mimi.

Duka likiondoka, atabaki nje. Kisha plau ya Knut.

Jumatano, 6 Februari

Mafundi wamefika, wanane. Mkubwa wao anaitwa Crouse, mtu mnene, anaongea na ng'ombe kwa adabu kuliko anavyoongea na watu. Wanaingiza jeki chini ya pembe za nyumba. Kila wakizungusha, vikombe vinalia.

Nilikusudia kumwambia Orrin leo. Nikamfuata uani. Nikasema, mwanangu, nina neno. Akasema, Mama, kama ni lile kabati la vyombo nimeshalifunga kamba. Nikasema si kabati. Crouse akamwita. Akaondoka mbio.

Lovina mkwe wangu anafungasha vitu vya kuvunjika kwenye mabua. Mtu mkimya. Alipoolewa hapa nilidhani hanipendi, kumbe hana maneno tu. Huyo ndiye aliyenikamilishia kusoma. Mimi shule sikuiona hata dirishani, herufi zangu za mwanzo nilizitoa kwenye mapipa ya unga na makasha ya sabuni.

Alhamisi, 7 Februari

Nyumba iko juu shibiri mbili. Upepo unapita chini ya miguu. Phebe, mjukuu wangu wa miaka mitano, kauliza kama nyumba sasa itataga mayai.

Nilishuka nikainama kuchungulia. Giza tu. Fundi mmoja akaniuliza, Bibi umepoteza nini humo? Nikasema kijiko. Akajitolea kuingia kunitafutia! Nikamwambia kiache, ni kibovu.

Ijumaa, 8 Februari

Knut kaja kuangalia. Kapiga magoti, kachota udongo wa chini ya nyumba, kaunusa kama mkate. Anasema huu ndio udongo bora wa shamba zima, haujaguswa miaka thelathini, ngano hapa itamfika kifuani.

Nikamwambia aniachie kipande pale kati, hatua sita kwa sita. Akauliza cha nini, Bibi? Nikasema nataka kupanda maua. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema, utakuwa unakuja maili nne na ndoo ya maji kila jioni? Halafu Bibi, maua wewe? Mwaka jana ulimfukuza mke wangu na waridi lake ukasema haliliwi.

Ni kweli nilisema hivyo. Mtu mwema Knut. Angeniachia nusu ya shamba kama ningemwambia sababu. Lakini nitamwambiaje yeye kabla ya Orrin?

Jumamosi, 9 Februari

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Leo nimepika viazi ndani ya nyumba inayotembea.

Walianza saa tatu. Njia walishaimwagia maji ikawa barafu. Crouse akawasemesha ng'ombe wake, nira zikalia, minyororo ikanyooka — na kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu duka likaguna kama mtu mzima anayeinuka kitini. Likaenda. Mimi nimekaa karibu na jiko, Phebe mapajani, mikebe inagongana kwenye rafu. Watu wanatembea pembeni wakipiga kelele. Mzee mmoja kagonga dirisha, anataka tumbaku, analalamika eti hatusimami. Lovina kampimia tukiwa tunakwenda, naye anatembea kinyumenyume, kofia mkononi.

Nilitazama nyuma mara moja tu. Theluji nyeupe kila upande, na pale kati mraba mweusi. Mdogo kuliko nilivyodhani. Tumeishi wote mle?

Kufika maili ya pili jua linazama. Crouse akasema tuendelee, mwezi upo, kabla ya usingizi tuko Garland. Orrin akanitazama. Kwetu Connecticut, nilikozaliwa, Sabato inaanza jua likizama Jumamosi. Watu wa huku wanaianza Jumapili asubuhi wakishaamka, wavivu. Orrin nimemlea kwa desturi yetu. Akasema, fungueni ng'ombe, Mama yangu hasafiri siku ya Bwana. Crouse akatema mate, akafungua.

Sasa hili. Kila anayeburuza mzigo huku anajua: ukisimama, unainua magogo kidogo kwa jeki, unasukumia mabua ya mahindi chini yake. Usipofanya hivyo magogo yanagandana na ardhi. Crouse alikasirika, akaondoka na watu wake kwenda kulala Garland. Kazi ikabaki kwa Orrin, na Orrin alikuwa anakimbizana na jua asije akavunja Sabato mbele yangu. Akasahau.

Mimi niliona. Nilikuwa mlangoni. Mabua yako kwenye mkokoteni, hayajaguswa. Nikafunga mlango.

Jumapili, 10 Februari

Tumesali dukani, kati ya majora ya vitambaa na mapipa. Orrin kasoma. Mchana jua kali kidogo, theluji chini ya magogo ikalowa. Jioni baridi ikarudi.

Nilitaka kuomba nikakosa pa kuanzia.

Jumatatu, 11 Februari

Tumenasa. Ng'ombe ishirini na wanne, na duka halikutikisika. Mnyororo mmoja ulikatika ukaruka ukatoboa ubao wa mbele. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Crouse akapiga magoti, akapapasa chini ya gogo, akainuka taratibu. Akamwuliza Orrin mbele ya watu wote: mwenye duka, mabua unawekea nani, mke wako?

Orrin akavua kofia. Akasema kosa ni langu. Hakusema Mama alinihimiza Sabato. Hakunitazama hata. Watu wakacheka, mmoja akasema afadhali amenasa na duka kuliko kunasa kitandani. Masikio ya Orrin yakawa mekundu kama alipokuwa na miaka saba.

Nami nimesimama dirishani kama mfuko wa chumvi.

Crouse anasema siku mbili za kupasua barafu kwa patasi. Na upepo umegeuka, unatoka kusini. Theluji ikiyeyuka kabla hatujafika, njia itakuwa tope mpaka mwezi wa nne, na duka litabaki hapahapa, si Kivukoni si Garland.

Wateja wanakuja lakini. Mama mmoja wa Garland kapanda ngazi kununua uzi na sindano. Anasema mmefanya vizuri kutufuata nusu ya njia. Nikamwuzia uzi. Sikucheka.

Jumanne, 12 Februari

Nimemwambia Lovina.

Sikupanga. Tulikuwa tunachambua matufaha ya pipani, mabovu huku, mazima huku. Nje patasi zinagonga. Akasema Orrin hakulala jana, anajiona mjinga. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema si mjinga, mimi niliona mabua nikanyamaza. Akasimamisha kisu. Akauliza kwa nini, Mama? Nikasema nilitaka tuchelewe, nisimwache mtu wangu nyuma bado. Nikamwambia yote. Pipa la siki. Mbwa mwitu. Asahel na sururu. Plau ya Knut.

Aliweka kisu kando. Nilidhani ataniambia mwanamke gani anaacha mtoto chini ya sakafu.

Akasema: jina lake nani?

Miaka thelathini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikasema Tirza. Akalirudia polepole, kama anayeonja supu kuona chumvi. Akasema Tirza Tuttle. Ni jina zuri. Nililia, tena kwa sauti, Phebe akaniletea tufaha bovu ninyamaze.

Kisha Lovina akafuta mikono. Akasema, Mama, Orrin lazima ajue. Utamwambia wewe au nimwambie mimi, lakini kabla ng'ombe hawajafungwa. Anadhani amekuaibisha. Nikamwomba anipe mpaka asubuhi. Akasema asubuhi, si mchana. Mpole wangu huyo! Ana mfupa ndani.

Jumatano, 13 Februari

Naandika nimesimama, daftari juu ya kaunta.

Tangu alfajiri paa linadondosha matone. Upepo wa kusini, wa uvuguvugu. Magogo yameachia saa mbili asubuhi, watu wakashangilia. Crouse akafunga jozi zote kumi na mbili. Anasema sasa au basi, ikifika adhuhuri njia itakuwa uji.

Orrin akapanda ngazi kuniambia nikae mbali na jiko. Nikasema funga mlango. Akasema Mama, baadaye. Nikasema Orrin Tuttle, funga mlango.

Akafunga. Nikamwambia. Sikupamba. Nikamwambia ulikuwa na dada, alikuja kabla yako, tulimzika ndani kwa ajili ya baridi, ameachwa nje siku nne sasa. Nikamwambia na ya mabua. Nikasema waliocheka juzi walipaswa kunicheka mimi.

Alitazama sakafu. Akatazama mahali pipa la siki lilipo. Akasogeza mguu wake, taratibu, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake gizani. Nikangoja anigombeze. Ana haki.

Akauliza, Baba alimzika kwa kina gani?

Nikasema mpaka kiunoni kwake.

Akauliza, kichwa upande gani?

Nikasema mashariki.

Basi. Alishuka ngazi, akachukua beleshi na sururu kwenye mkokoteni wa Crouse, akaanza kutembea. Si kuelekea Garland. Alirudi kwa njia tuliyokuja nayo, katikati ya alama mbili za magogo, bila kofia.

Lovina alimwona kupitia dirisha. Akavuta jora la kitambaa cheupe, kile kizuri, akakata bila kupima. Akakikunja ndani ya shali yake, akaniambia nimtazame Phebe. Akatoka. Anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Udongo ule ulikuwa laini miaka thelathini. Sijui siku nne za wazi zimeufanya nini. Maili mbili kwenda, maili mbili kurudi. Na kuchimba. Najua hesabu hiyo na Crouse anaijua.

Kaja mlangoni. Buti zake zimelowa mpaka juu. Akasema, Bibi, mwanao kachukua vyombo vyangu kaenda wapi? Njia inayeyuka. Ng'ombe wako tayari. Nikikaa saa moja zaidi siahidi kitu, duka lenu litamea mizizi hapa. Nivute au nisivute?

Ni duka la Orrin. Ni kila alicho nacho. Ng'ombe wanatoa mvuke, watu wanane wananitazama, mmoja ameshika mjeledi juu.

Nikasema ngoja.

Akasema Bibi, mpaka lini?

Nje, mbali kule, naona vidoa viwili vyeusi kwenye theluji, kimoja mbele, kingine kinakifikia. Nimemwambia Crouse afungue ng'ombe wapumzike, aje ndani anywe kahawa. Yuko hapa sasa, amekaa, kikombe mkononi, hajanywa. Anauliza tunamngoja nani.