Gauni la Mkwe

Shoga, nimejifungia chooni kwa wakwe nikuandikie. Shemeji yako ameniua leo.

Unakumbuka alivyokataa tubebe mashuka ya zawadi, eti yeye ni fundi cherehani, atamshonea mama mkwe wa binti yetu gauni? Vipimo kavitoa kwenye simu ya video. "Jicho langu ni futi kamba," ananiambia.

Tumefika, mama kafungua mlango. Shoga, mdogo kama kifungo. Kumbe simu ilikuwa inamnenepesha.

Akalivaa pale pale juu ya nguo zake. Mikono ya gauni ikamfika magotini. Magotini, nakwambia. Na ndiyo mara ya kwanza wanatuona ana kwa ana. Binti kainamisha kichwa, mimi naomba ardhi ipasuke.

Mara shemeji yako akapiga magoti mbele ya mama: "Mama, niazime sindano."

"Usilibane sana, mkwe," mama akamjibu. "Niachie nafasi ya kunenepa."

Sebule nzima hoi kwa kicheko.

Sasa kakaa sakafuni anapunguza gauni, na baba mkwe wa binti keshamletea suruali zake. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, sisi tumepewa hata chai hatujamaliza. Tushakuwa wa humu, shoga.