Kigugumizi cha Baba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao, na kwamba yule mdogo kifua kimemwacha. Huku sisi tu wazima wa viungo. Ya moyoni utayasoma. Uliniuliza kwenye simu mbona najibu kwa mkato kila unapomtaja nduguyo, huyo kaka yetu. Nisingeweza kukueleza, maana Baba alikuwa ameketi pale pale. Sasa kaa kitako.

Najua huko mnamwona kwenye televisheni na mnajivunia. Jivunieni. Sisi tuliobaki naye tunakijua kipimo cha kipaji chake. Ulikuwa umeshaolewa alipoanza kwenye kipindi cha vichekesho, hukuona alivyotapatapa. Aliigiza mlevi, hakuna aliyecheka. Aliigiza mama mkwe, akajaza matambara kifuani, wakacheka waliomwonea huruma. Kipindi kilikuwa karibu kumtema. Ndipo siku moja akatokea na koti lililopauka, akafungua mdomo kuomba maji, na hilo neno "maji" akalisukuma kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani. Watu wakavunjika mbavu. Huyo ndiye Mzee Kwikwi mnayempenda. Koti lilikuwa la Baba. Kigugumizi kilikuwa cha Baba, mpaka lile jicho la kushoto analolifumba neno linapomkwama. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Nduguyo aliwacheza wa kwao, na akatunzwa vile vile.

Ungewaona watu, Dada. Watu wazima wenye ndevu na vyeo wakawa wanajikwamisha maneno makusudi wakidhani ni uchangamfu. Nduguyo akaanza kuvaa miwani ya jua sebuleni, na akihojiwa anasema kwamba wasanii hubeba maumivu ya jamii. Maumivu yapi aliyowahi kuyabeba huyo, zaidi ya kuyachuma kinywani mwa mzazi wake?

Baba, ambaye maisha yake yote ametengeneza saa za watu bila kumuudhi mtu, akawa hapiti njiani. Watoto walimwita Mzee Kwikwi, yeye mwenye koti. Mwenye duka la mkate akamsifu kwamba anamwigiza vizuri yule wa televisheni. Baba akaacha kwenda dukani. Mikate nikawa nanunua mimi, nikitoka kazini kwenye duka la dawa, na kila nikikata kona nilikuwa namlaani nduguyo kimoyomoyo.

Unamkumbuka yule mwalimu wa hesabu niliyekusimulia? Uliniuliza yaliishia wapi nikakwambia hatukuelewana. Ukweli ni huu. Alikuja nyumbani kujitambulisha, akala vizuri, akazungumza na Baba kwa adabu. Halafu, kwa kutaka kuchangamsha meza, akaomba "chu-chu-chumvi" huku amefumba jicho. Baba alicheka. Mimi sikucheka. Nilimsindikiza hadi getini nikamwambia asirudi tena. Alidhani ni utani, akarudi, sikumfungulia. Ameshaoa. Nilijiambia kwamba mtu anayemcheka baba yangu sina haja naye, na nikalala usingizi wangu.

Sasa sikia. Jumamosi moja umeme ulikatika tukafunga duka mapema. Nilipofika nyumbani nikamsikia Baba chumba cha nyuma, amekwama kwenye neno, anakwama tena na tena, nikadhani amepatwa na kiharusi. Nikakimbilia dirishani. Baba alikuwa ameketi kwenye meza yake ya saa. Nduguyo amesimama mbele yake, mikono nyuma kama mwanafunzi. Baba alikuwa anamsahihisha. Alimwambia kigugumizi hakikai mwisho wa neno, kinakaa mlangoni. "Unagugumiza kama injini," akamwambia. "Mimi si injini. Rudia." Nduguyo akarudia, na Baba akampigia makofi.

Nilipowauliza, nduguyo aliangalia viatu vyake. Baba ndiye aliyejibu, taratibu, kwa namna yake. Alisema alimwona kwenye televisheni tangu juma la kwanza, na kilichomuuma si kuigizwa bali kuigizwa vibaya, basi akamwita amfundishe. Na dukani aliacha kwenda ili watu wasimsikie wakajua kwamba mwanawe hakubuni kitu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimlinda, Dada. Mwizi na mwenye mali walikuwa wanafanya mazoezi pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa nalinda mlango, nikifukuza wachumba.

Hayakuishia hapo. Sasa nduguyo anacheza filamu, na Baba amepewa nafasi ya kaka yake Mzee Kwikwi. Nilimpeleka mwenyewe. Ni bohari lenye joto, taa kama za uwanja wa mpira, na mwongozaji mwenye sauti ya dalali. Baba akasimama kwenye alama, akasema maneno yake, akakwama palepale anapokwama siku zote. Mwongozaji akasimamisha kamera. Akasema mzee anajitahidi, lakini kigugumizi chake si cha kweli, watazamaji hawatakiamini. Akamwomba nduguyo amwonyeshe.

Nilingoja nduguyo aseme kwamba mwenye kigugumizi ni huyu. Yeye akavua miwani, akamwonyesha kwa mtindo wake wa zamani. Baba akamtazama mdomo kwa makini, kama anavyotazama saa iliyofunguliwa, akamwigiza mwanawe. Akakwama mwisho wa neno, kama injini, na bohari zima likaangua kicheko.

Hili sijamwambia mtu. Na mimi nilicheka, Dada. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Baba akaniona. Akafurahi, akarudia kwa ajili yangu.

Tangu siku ile anaongea hivyo hata nyumbani. Ukipiga simu Jumapili, usimmalizie neno. Mwache aseme mpaka mwisho, halafu unijulishe ni nani uliyemsikia, maana masikio yangu siyaamini tena.

Shemeji msalimie, watoto wabusu, na nduguyo ukimwona kwenye televisheni, zima.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba