Basi Limekuacha kwa Sababu Yangu

Bertilla, usikimbilie stendi, basi limeshaondoka. Kosa ni langu. Ulisema nikuamshe saa kumi. Nikakukuta umelala umekaa, sare mwilini, kiatu kimoja mguuni. Nikashindwa.

Najua una mtihani wa wodini saa nne. Nimemfuata Vitus, lori lake la mahindi linakwenda Sumbawanga. Kunywa uji wa ulezi, ukisikia honi toka.

Wakubwa wa chuo wanalala hukohuko chuoni, watajuaje huku kwetu Namanyere ni mbali? ~~Waambie uliumwa.~~ Hapana, waambie ni baba hakukuamsha. Mama yako alifia wodini akiita muuguzi, na hadi leo wakubwa wa serikali hawajatuletea hata mmoja. Hiyo shahada ya pili ya uuguzi usiikose kwa sababu ya usingizi niliokupa mimi.

Kiatu kingine nimekipiga kiwi, kiko mlangoni.

Baba yako